Masala Kulangwa Anasubiri Kibali

Mwulize mtoto wa Igoma akutajie maroboti makubwa ya filamu za katuni. Atakutajia ya Japani na ya Marekani bila kusita. Kisha mwulize Masala Kulangwa ni nani. Usishangae akinyamaza, ingawa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka Igoma kwa barabara ya Musoma.

Hadithi yenyewe wazee wa Usukumani wanaijua. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliliua zimwi, akalipasua tumbo, na waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Jitu lipo, shujaa kijana yupo, na umma unaokombolewa upo. Filamu ya katuni inahitaji nini zaidi ya hapo?

Wakorea walikuwa na malighafi pungufu ya hiyo. Mwaka 1976 mwongozaji Kim Cheong-gi alitoa Robot Taekwon V, filamu ya roboti jitu linalopigana kwa mapigo ya taekwondo. Umbo la roboti lile lilifuata nyayo za Mazinger Z ya Japani, nchi iliyoitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Kim aliazima umbo, lakini roho aliitoa nyumbani kwake: mchezo ambao mtoto wa Seoul aliujua. Baadaye nakala asili zilidhaniwa zimepotea. Ilipopatikana nakala moja mwaka 2003, ilikarabatiwa na kurudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2007. Huko katuni ya watoto huhesabiwa kuwa mali ya taifa.

Sisi mwaka huohuo wa 1976 tulifanya nini? Tulitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4. Sheria hiyo inamtaka mtayarishaji aombe kibali kabla ya kupiga picha, kisha kazi yake ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Tulianza na mlinzi wa lango kabla ya kujenga nyumba.

Wapo watakaonijibu kwamba Korea ya wakati ule ilikuwa chini ya udikteta wa Park Chung-hee na wakaguzi wake. Ni kweli, wala siutamani utawala ule. Lakini jibu hilo linazidi kutuumbua: ikiwa katuni ilizaliwa hata chini ya udikteta, basi udhuru wetu ni upi? Mwaka 1976 tungeweza kusema kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwani ilianza 1994. Leo picha zinaingia hadi kwenye simu ya mkononi.

Wala tusisingizie uhaba wa vipaji. Tangu 2014 Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na imevuka mipaka yetu. Aibu ni kwamba kazi ya namna hiyo imetegemea sana fedha za wafadhili. Tunahubiri uzalendo kwenye majukwaa, halafu tunawaachia wageni gharama ya kumtengenezea mtoto wetu ndoto zake.

Ndugu zangu watumishi wa umma, chombo mnacho. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ni ya vijana. Bodaboda na ufugaji wa kuku ni kazi za heshima. Lakini kikundi cha vijana wanne wenye kompyuta na hadithi ya Shing'weng'we kikija mezani, kisiambiwe kwamba huo ni mchezo wa watoto. Na shirika la utangazaji la umma litenge fungu la kununua kazi zao, kwa sababu mkopo usio na soko ni kitanzi.

Nanyi wanafunzi, nendeni Bujora na madaftari yenu kabla hamjaomba chochote kwa yeyote. Kiandikeni kisa hicho, kichoreni, kibishanieni. Kibali kinaweza kuchelewa. Wazee wanaokijua kisa hawatatusubiri milele.