Mteja akihepa, mbona weita ndiye hulipa?

Wasee, leo wacha niongee kuhusu kitu nimekaa nacho tangu nilipofanya uweita likizo moja, kwa mkahawa fulani wenye matawi kadhaa hapa Nairobi. Jina sitaji.

Ilikuwa Jumamosi, mahali kumejaa. Meza ya kona walikaa watu wanne, wakaitisha kuku mzima, chipo, soda na keki. Bili ikafika 3,400. Aliyewahudumia ni dada mmoja tuliyekuwa naye shifti moja. Akaingia jikoni kuchukua chakula cha meza nyingine, kutoka hivi, kona imebaki mifupa na glasi tupu. Meneja hata hakupiga kelele. Alifungua tu kitabu akaandika jina la huyo dada. Alikuwa analipwa 800 kwa siku. Piga hesabu: zaidi ya siku nne alifanya kazi ya kuwanunulia kuku watu asiowajua.

Na wiki hiyo hiyo mkahawa ulikuwa umeweka mtandaoni picha za tawi jipya, eti familia yetu inakua. Manze.

Sasa mtu asiniambie mikahawa mikubwa haiwezi kubadilika. Ikitaka, inabadilika mbio sana. Mnakumbuka Januari 2022, KFC ilipoishiwa na chipo? Nchi imejaa waru, wakulima wa Nyandarua wapo, na wao wanangoja viazi vya kutoka ng'ambo. Watu wakawaka mtandaoni, kampuni ikatoka kusema itatafuta pia viazi vya hapa. Korona ilipofunga meza 2020, waliokuwa wanauza chakula cha kukaa chini wakageukia kupeleka kwa bodaboda. Java nayo ilianza Nairobi mwaka wa 1999 na duka moja la kahawa, ikafika hadi Uganda na Rwanda. Akili ya biashara ipo.

Shida ni nani anapiga kelele. Chipo zikiisha, tunapiga sisi. Weita akikatwa mshahara, nani anajua?

Sheria inajua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukukata ukiharibu au kupoteza mali yake kwa makusudi, ama pesa zikipungua kwa uzembe au wizi wako na mkataba unasema wazi wewe ndiye umekabidhiwa pesa. Sasa mteja akitoroka ukiwa jikoni, hayo ni makusudi ya nani? Na mkataba wenyewe uko wapi? Yule dada alikuwa kibarua, mwaka wa pili, ilhali kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku za kufika mwezi, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi.

Najua wenye mikahawa watasema kuna maweita wanaopanga na marafiki zao. Wapo, siwezi kataa. Basi thibitisha kwanza, ndio umkate. Ama watu walipe kabla ya kula. Kuna mama ana kibanda karibu na stage yetu, benchi mbili tu, na chapati hainyanyuki kwa sufuria kabla hujaonyesha meseji ya M-Pesa. Huyo hana kamera, hana mlinzi mlangoni, hana meneja.

Mimi siku hizi nikienda kula namuuliza weita: nikituma tip kwa till ya mkahawa, itakufikia? Wengi huangalia kaunta kwanza kabla ya kujibu. Basi natoa noti. Na nikisifu chakula chao mtandaoni, naongeza swali moja hapo chini: mteja akihepa, nani hulipa? Mkahawa mmoja ulinijibu na emoji ya moyo. Jibu lenyewe bado nangoja.