Mmekopi Menyu ya Ulaya, Basi la Usiku Mkaliacha

Wasee, nimechoka na hizi video za "sehemu tano za kujibamba Kisumu". Ni zile zile. Kijana ameshuka jana kutoka Nairobi, anajirekodi Milimani na glasi yenye kipande cha chungwa, taa ya zambarau nyuma yake, halafu anatuambia Kisumu "inaanza kufanana na Ulaya". Manyatta haiko kwenye orodha. Kondele ikitajwa, ni mahali pa kufunga dirisha la gari.

Sawa. Kama kipimo ni Ulaya, tuipime basi.

Tuanze na sahani. Mbuta anavuliwa hapa ziwani, anapelekwa kiwandani, minofu inakatwa na kusafirishwa nje. Ukiingia mkahawa Berlin ukaona Viktoriabarsch kwenye menyu, huyo ni wetu, amebadilishiwa jina tu. Huku kinabaki kichwa na mifupa, mgongo wazi. Wamama wa Obunga wanaununua, wanaukaanga, na jioni unaupata Kondele na huku mtaani. Kwa hivyo mimi na mtu wa Berlin tunakula samaki mmoja. Yeye nyama, mimi mgongo. Lakini sahani yake ndiyo inaitwa "maisha". (Na ukiniuliza, mgongo wazi wa moto, chumvi, pilipili na kuon ya mtama unashinda minofu yoyote. Utamu wa samaki uko kwenye mfupa. Hapo sijadili.)

Halafu eti Kisumu haina maisha ya usiku. Omera, ulitoka saa ngapi? Njoo Kondele saa moja jioni. Omena, mayai pasua, chapo madondo, mathe anageuza ngege kwa mkono mmoja na wa pili anakurudishia chenji, ohangla inalia mahali huioni. Pale Lwang'ni, jina lenyewe maana yake ni nzi, watu walijaa kula samaki kando ya ziwa mpaka vibanda vikabomolewa. Wenye kamera mlikula hapo pia. Sikuona mkilia.

Lakini sahani si shida yangu kubwa. Shida ni baada ya sahani.

London, Agosti 2016, treni za chini ya ardhi zilianza kukimbia usiku kucha Ijumaa na Jumamosi. Si njia zote, lakini zilianza, na mabasi ya usiku yalikuwepo zamani. Mwaka huo huo meya akaajiri mtu ambaye kazi yake ni mambo ya usiku. Amsterdam walishakuwa na "meya wa usiku" wao. Yaani wenzetu walikaa chini wakaona anayekula usiku lazima afike kwake, na anayempikia pia. Hiyo ndiyo Ulaya ya kukopi. Nyinyi mmeleta taa ya zambarau.

Huku kwetu sheria ya Mututho ya 2010 inasema baa ifungwe saa tano usiku. Poa. Sasa umetolewa nje saa tano, mat za Kondele zimepungua, umebaki wewe na boda. Mchana Milimani hadi Manyatta nalipa 80. Usiku nimeitishwa 300. Simlaumu sana mwenye boda, hata yeye anaogopa ile njia. Mulika mwizi ikiwaka watu wanapiga stori chini yake mpaka usiku wa manane. Ikizima, mtaa unajifungia saa mbili. Sera yetu yote ya usiku ni balbu moja.

Binti ya auntie yangu ni weita kwenye hoteli moja huko, jina nalimeza. Anamaliza saa sita. Boda ya usiku ingekula karibu nusu ya pesa ya siku yake, kwa hivyo analala kwenye viti vya stoo mpaka mat ya kwanza ya alfajiri. Hicho kipande cha chungwa kwenye glasi yako, ni yeye alikikata. Sijawahi kuona video ikimuuliza anafikaje nyumbani.

Najua mtaniambia nini. "We uliacha kampasi, unajua nini kuhusu mipango ya jiji?" Niliacha mwaka wa pili, karo iliisha. Kuhesabu nauli hakuhitaji digrii. Wengine watasema gari la usiku litakosa abiria. Simama Kondele Jumamosi saa sita uhesabu boda zinazopita. Kila moja imebeba wawili, nyingine watatu. Hao ni abiria, na wanalipa zaidi ya mara tatu.

Mei 2022 tulipopokea Africities, mji ulipambwa kwa ajili ya wageni. Kumbe inawezekana. Mimi siombi kongamano. Naomba mat mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, kutoka Milimani kupitia stendi hadi Kondele, Kona Mbaya na Gonda, saa tano hadi saa nane usiku, kwa bei ya mchana.

Kuanzia wiki hii, kila mahali pa kula nitakapopaonyesha nitaweka bei mbili, ya sahani na ya kufika Manyatta saa sita usiku. Nitumieni zenu. Ulikula wapi, ngapi, na ulirudi na nini.