Udongo Hushuka, Haupandi



Jioni moja tulikuwa na somo la umbo la dunia katika darasa letu hapa Ipililo. Nilichora duara ubaoni. Nikachora duara la pili ndani yake, kisha la tatu. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja kujifunza kusoma na kuhesabu fedha zangu za pamba. Hayo maduara yatanipa magunia mangapi?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri, na siku ile sikulijibu vizuri. Leo nataka kulijibu.

Kwanza tuyamalize yale maduara. Kutoka hapa tuliposimama mpaka katikati ya dunia ni karibu kilometa 6,370. Sehemu ya juu ni ganda la mawe. Chini ya nchi kavu ganda hili lina unene wa kilometa 30 hadi 40 hivi, na penye milima mikubwa huzidi hapo. Chini yake liko tabaka nene la mawe yenye joto kali, linalofika kilometa 2,900 kwenda chini. Katikati kabisa kuna kiini. Kiini ni chuma kwa sehemu kubwa. Sehemu yake ya nje imeyeyuka, na sehemu ya ndani ni ngumu.

Hakuna mtu aliyefika huko. Warusi walichimba shimo lao kule Kola, na mwaka 1989 walifika kilometa 12 na kidogo. Hata ganda hawakulitoboa. Lakini sisi wa kanda hii tuna bahati. Tunayo mawe yaliyotoka chini ya ganda. Ni almasi za Mwadui, mkoani Shinyanga. Almasi hizo zilitengenezwa kwenye kina cha zaidi ya kilometa 100, zikasukumwa juu na mlipuko wa zamani sana. Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Williamson, mtu wa Kanada.

Sasa tutoke chini, tutazame juu.

Mawe makubwa tunayoyaona yamelundikana vilimani hapa Usukuma ni ya zamani kupita akili. Mengi yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ganda la dunia hapa kwetu ni gumu na limetulia. Bonde la Ufa lilipopasuka, lilipita pembeni, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Ndiyo sababu Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya ufa, lina kina cha karibu mita 1,470, na Ziwa Viktoria, lililo katikati, lina mita 80 tu hivi. Kwa hiyo nchi yetu haikuinuliwa kuwa milima mirefu. Imekaa, ikapigwa na jua na mvua, ikalika polepole. Vilima vyetu ni mabaki.

Na hapa ndipo jibu la mzee lilipo. Jiwe hulika likawa udongo. Mchana jua hulichoma, usiku hupoa, likapata nyufa. Maji huingia. Mizizi huingia. Chembe kubwa hubaki karibu na kilima, nazo ndizo mchanga wetu wa luseni, tunapolima viazi na karanga. Chembe laini huchukuliwa na maji mpaka bondeni. Huko huwa udongo mweusi wa mbuga, tunapochimba majaruba ya mpunga. Katikati ya mteremko tunakuta itogolo, ule udongo mgumu unaovunja moyo wa mkulima. Wazee wetu waliyajua majina haya kabla ya bwana shamba yeyote kufika. Miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo aliyeitwa Milne, aliyefanya kazi Amani, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Aliyoyaandika, babu zetu waliyalima.

(Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Katika kituo changu cha kwanza cha kazi nilijenga chumba kwenye mbuga. Masika udongo ulivimba, kiangazi ukapasuka, na ukuta nao ukapasuka hadi paka alipita. Wenyeji walinionya. Sikusikia, kwa kuwa nilikuwa na cheti.)

Basi, shamba la juu na shamba la chini ni kitu kimoja. Maji yakitoka kwangu huingia kwako. Hapo ndipo mimi nasema tunakosea. Tunalima kwa kufuata mteremko, tunateremsha plau moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na kila mfuo unakuwa mfereji. Tunakata miti ya kilimani kwa kuni na mkaa. Tunapitisha ng'ombe njia ile ile kila siku mpaka njia inakuwa korongo. Halafu tunasema ardhi imechoka. Ardhi haikuchoka. Imehama.

Najua yatakayosemwa. Shamba langu ni jembamba na refu, nikilima kwa kukinga mteremko ng'ombe watageuka mara ngapi? Hoja hii ni ya kweli, wala siidharau. Ndiyo maana jambo hili halimfai mtu mmoja peke yake. Majirani wakipatana, wanaweza kuelekeza matuta yao upande mmoja, na kuacha ukanda wa majani mpakani. Wengine husema kilima kitatoa udongo mwingine. Kitatoa, lakini kwa karne nyingi, na mvua moja kubwa huchukua kazi ya karne hizo kwa alasiri moja.

Tena si jambo geni kwetu. Ngitili ni desturi ya Wasukuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, Maswa ikiwa bado katika mkoa huo, ulifufua ngitili badala ya kuleta jambo la kigeni. Maoni yangu ni kwamba kilele cha kila kilima kiwe ngitili ya kijiji, na mkutano uamue hivyo kabla ya mvua za Novemba, siyo baada yake.

Nilimweleza mzee yule haya yote. Alinyamaza. Kisha akaniambia kwamba katika shamba lake kuna jiwe. Alipokuwa kijana, plau ilipita juu yake bila kuligusa. Sasa linafika magotini, na watoto hulikalia wakichunga.