Mtoto ana haki ya baba: mpeleke maombi tribinali



Tunaisikia kila mara katika kartie zetu za Goma na Bukavu: «Hiyo mimba si yangu.» Familia mbili zinakaa, mbuzi inaletwa na franga kidogo, wazee wanasema mambo yameisha. Yameisha kwa nani? Mtoto iko pale, hana jina la baba, na mama anauza makala barabarani ili apate dawa yake.

Sheria haikunyamaza. Kode ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema katika artikle 591 kwamba kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Baba anapewa miezi 12 ya kumtambua. Akikataa, tribinali ya watoto, iliyoundwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009, njo yenye kuamua.

Maombi yanaandikwa kwa faida ya mtoto, hata kama ni mama anayeyapeleka grefe. Hii inabadilisha kila kitu: hauendi kumlilia mwanaume akurudie, unaenda kudai kitu cha mtoto. Mlinde ushahidi: mesaji za simu, picha, majirani waliowaona mkiishi pamoja, mahari iliyoanza kutolewa. Wengi wanafikiri bila kipimo cha ADN hakuna kesi. Si kweli, mwamuzi anasikiliza mashahidi pia.

Hauna franga? Uombe karatasi ya umaskini kwenye biro ya mambo ya jamii. Baro ya ma-avoka nayo iko na biro ya mashauri ya bure. Na mtu akikuomba «transport» ili apeleke barua ya kumuita baba, umuulize risiti.

Msingoje baba afe. Artikle 758 inawapa urithi watoto wa inje ya ndoa waliotambuliwa angali hai. Ndiyo sababu kwenye matanga tunaona mama na mtoto wanafukuzwa mbele ya maiti, na hakuna karatasi ya kuwatetea.

Kama msichana alikuwa chini ya miaka 18, mbuzi haisafishi kitu. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaita hiyo ubakaji, na mashitaka yaende parke, mbali na hii kesi ya baba.

Sasa sisi vijana wanaume. Tunadai serikali iwajibike, tunalala kasho juu ya hiyo. Mwenye kubeba banderole mbele na kukimbia mimba nyuma, asitutegemee tumfiche. Akiitwa tribinali, tutamwambia aende, na kama mama anatafuta shahidi kati yetu, tutasimama.

Tunaomba wakuu wa kartie waache kutia sahihi kwenye mapatano ya kununua kimya ya mama. Na tribinali za watoto zibandike bei za grefe kwenye mlango, kwa Kiswahili, mahali kila mama anaweza kuzisoma.