Timbre bila jina ni kazi nusu

Wandugu wa mugodi, bamama wa kartie, leo hatuanzi na mushahara. Tunaanza na kakaratasi kadogo: timbre ya posta.

Wazee wengine wangali na barua za zamani mu masanduku. Angalieni timbre za Congo ya Wabelgiji, zile zilizoanza kutoka 1947: ziko na vinyago na sanamu za miti. Katanga ilipojitenga, nayo mu 1961 ilitia sanamu za miti ku timbre zake. Kazi nzuri kabisa. Lakini soma vizuri: bei iko, jina la inchi liko, jina la mwenye kuchonga hakuna.

Nani alichonga? Tunamujua moja. Kaskazini ya Katanga, mu Buli, kulitoka viti vya wafalme na sanamu za bamama wenye kushika bakuli. Nyuso ndefu, nyembamba, zenye huzuni, mikono mikubwa. Mbelgiji Frans Olbrechts, mu kitabu chake cha 1946, alionyesha kama kazi hizo zinafanana, ni za fundi moja ao za atelye moja. Miaka mingi waliita paka « fundi wa Buli ». Ni kama vile sisi tunaitwa « mutu wa Kipushi », « mutu wa Kolwezi ». Nyuma watu waliuliza wazee wa kule, na jina likatoka: Ngongo ya Chintu. Leo viti vya Buli viko London, viko New York. Huku kwetu, batoto wetu hawajasikia hata jina lile.

Wengine watacheka: « Ile popi ya muti, njo munataka kutia ku timbre? » Haikukuwa popi ya kuchezea. Mufalme alikalia kiti, na mwanamuke wa muti alimubeba ku kichwa na ku vidole vyake. Fundi alituonyesha nani anabeba ukubwa wa wengine. Sisi wa mugodi tunaelewa mara moja.

Wengine watasema: nani angali anaandika barua? Kweli, telefone imekula posta. Lakini timbre ni muhuri wa inchi. Inchi ikitia jina lako pale, imekubali kama ulikuwako.

Na jina si maneno ya bure. Tulisindikiza mujane moja ku biro. Bwana yake alifia mu shimo, alikuwa wa kampuni ndogo yenye kukodisha watu. Walitafuta ku liste, wakasema: « Jina haliko. » Mama alikuwa na viatu vya kazi vya bwana yake mu mukono. Alirudi na vile viatu tu. Mutu bila jina, ni rahisi kumunyima haki.

Leo mulima ukiangukia wachimbaji, tunasikia hesabu: kumi, makumi mawili. Majina hapana. Hata zamani njo ilikuwa vile. Jina la Léonard Mpoyi, aliyeuawa mu Desemba 1941 ku stade ya Élisabethville wakati wa mugomo, tunalo. Lakini wenzake walioanguka pamoja naye, ni wangapi tunaweza kuwaita?

Basi tunaomba mambo mawili. Kwa posta ya inchi: toeni timbre ya kiti cha Buli, na chini yake muandike Ngongo ya Chintu, kwa herufi zenye kusomeka. Kwa sisi wenyewe, madelege wa sendika: kila mutu awe na kaye. Kukiwa ajali, tuandike majina siku ile ile, ya wa kampuni, ya wa kukodishwa, ya wachimbaji wa mikono. Tusingojee liste ya wakubwa.

Fundi wa Buli alingojea miaka mingi kabla ya kupata jina lake. Wajane wetu hawawezi kungojea vile.