Bei ya Mtungi Mmoja

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale, katika mikutano yetu tunagombania mshahara, posho na saa za ziada, lakini bei ya maji tunaiacha kana kwamba ni shauri la wanawake walio kwenye foleni ya bomba. Hilo ni kosa letu sisi wenyewe. Nyongeza tuliyoipata kwa taabu yaweza kuliwa yote na mtungi wa lita 20, kidogo kidogo, pasipo mtu yeyote kupiga kelele.

Hesabu yake si ngumu. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka huuza maji kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Chukua bei unayolipa kwenye kioski, zidisha mara 50, kisha umwombe mtu mwenye bomba ndani ya nyumba akuonyeshe bili yake. Mara nyingi utakuta kwamba mwenye bafu na bustani analipa kidogo kwa yuniti kuliko kibarua wa miwa anayebeba mtungi. Na jambo la ajabu ni hili: Shirika huweka bei ya bomba la umma chini ya bei ya nyumbani, kusudi mtu wa chini apate nafuu. Nafuu hiyo inatoka ofisini ikiwa nzima, nayo inaishia mkononi mwa mwenye kioski.

Tunasema haya kwa sababu Shirika ni mali ya umma, na historia yake ni historia yetu pia. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda: nguo, shaba, na sukari kule Kakira. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Busoga, Bugisu, Bukedi, West Nile na hata Kenya, wakawekwa Walukuba na kwenye kambi za mashamba. Mji wenyewe ulikuwa umepangwa kwa matabaka, na huduma zilifuata matabaka hayo. Mpaka leo mtu aweza kuishi mwendo mfupi kutoka Ziwa Victoria na bado akanunua maji kwa mtungi.

Mwaka 1972 Shirika liliundwa kwa Amri Namba 34 ya serikali ya Idi Amin, likapewa miji mitatu tu: Kampala, Entebbe na Jinja. Mbale, inayopata maji yake kutoka mito ya mlima Elgoni, ilibaki chini ya idara ya maji ya serikali. Mwaka huohuo Waasia walifukuzwa, viwanda vikaanza kuanguka, vipuri na dawa za kusafisha maji vikawa adimu, kisha ikaja vita ya 1979. Mafundi waliobaki kwenye mitambo walifanya kazi na vifaa vilivyochakaa. Ni mwaka 1988 ndipo Mbale ilipoingizwa katika Shirika, pamoja na Tororo, Masaka na Mbarara.

Sisi hatutetei uzembe. Mwaka 1998 karibu mitungi 6 katika kila 10 iliyosafishwa haikulipiwa: mingine ilivuja ardhini, mingine iliibwa, wala hatuamini kwamba wezi wote walikuwa maskini. Shirika lilikuwa na wafanyakazi wapatao 36 kwa kila wateja 1,000. Kuanzia mwaka 1999, kwa mpango ulioitwa wa siku 100 na mingine iliyofuata, mambo yalinyooshwa, upotevu ukashuka hadi kama theluthi moja, na wafanyakazi wengi wakaondolewa. Vitabu vya wakubwa vinasifu hesabu hiyo. Walioondolewa hawatajwi sana.

Lakini lipo jambo ambalo sisi wafanyakazi tungepaswa kulikumbuka kuliko wote. Wakati huo ilisemwa kila mahali kwamba dawa ya shirika la umma ni kampuni ya kigeni. Kampala ilijaribu: kwanza Gauff ya Ujerumani, halafu Ondeo ya Ufaransa, ambayo mkataba wake ulikwisha mwaka 2004 bila kuongezwa. Baada ya hapo maeneo yalikabidhiwa kwa mikataba watumishi wa Shirika lenyewe, Jinja na Mbale zikiwamo, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba Mwafrika hawezi kuendesha pampu yake.

Kasoro yake tunaiona hapa: mikataba hiyo ilikaza macho kwenye makusanyo, mita na uvujaji. Bei ambayo mama wa Namatala au Masese anaitoa mfukoni haimo katika hesabu hizo. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mafuriko yalipoua watu Mbale na kusomba mabomba, kila mtu alijua hasara ya Shirika. Hasara ya mnunuzi wa mtungi, nani aliiandika?

Twataka basi bei halali iandikwe kwa rangi kwenye kila kioski, kwa lugha ambayo watu wa hapo wanaisoma, na mwenye kuipita anyang'anywe bomba. Twataka pia kila mwajiri mwenye kambi, awe wa miwa, chai au kiwanda, aweke bomba lenye mita kambini, na jambo hilo liingie katika mkataba wa pamoja, karibu na kifungu cha nyumba. Wajumbe wa matawi wasije mkutanoni mikono mitupu: kila mmoja alete bei ya mtungi wa mtaa wake, imeandikwa na tarehe, moja ya kiangazi na moja ya masika.