Mchango wa Filamu ya Mpiga Udi



Mama mmoja wa hapa mjini ameniletea swali ambalo huenda wengi wenu mnalo. Vijana wanachangisha fedha kwa simu ili watengeneze filamu ya maisha ya mzee aliyepiga udi na kuimba taarabu miaka mingi, na ambaye leo hana wa kumjulia hali. Mumewe asema huko ni kuitupa mali. Mama ataka kujua: achange, asichange?

Kuhusu ala, wanazuoni wamehitilafiana tangu kale. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, wamezikataza ala za nyuzi. Ibn Hazm wa Andalusi hakuona dalili ya kuziharamisha. Anayejiepusha kwa kuichunga dini yake asilaumiwe wala asisukumwe. Hata hivyo, kumwuliza mzee ayajuayo na kuyahifadhi ni jambo moja. Kumwandalia ngoma ni jingine.

Na ayajuayo si haba. Marehemu Juma Bhalo aliimba tungo za binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971. Hizo zimepata kitabu. Tungo nyingine nyingi hazikukipata. Zimebaki katika kanda zilizonaswa harusini na kuuzwa madukani Mji wa Kale. Kanda nayo haina umri mrefu: joto na unyevu wa bahari huishambulia, ikaota ukungu, ikanata, ikakatika. Na hata ikisalimika, haitatwambia shairi lilitungwa na nani, lilikuwa likimjibu nani, wala fumbo lake lilimwendea nani. Hayo yamo kifuani mwa mzee huyo, na mwa mama zetu waliokuwapo siku ile.

Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, twamjua vyema kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Bi Kidude wa Unguja alitengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2006, miaka saba kabla ya kufariki kwake, akajisemea mwenyewe kwa ulimi wake. Wa kwetu Mombasa na Lamu, wengi tumewazika bila ya kuwauliza kitu.

Kwa hivyo naona kuchanga kwafaa, lakini fedha ya zaka isiguswe. Wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, nao ni makundi manane, filamu haimo. Mzee mwenyewe, akiwa fakiri au maskini, yumo. Basi zaka apewe yeye mkononi, bila kamera kumwelekea, na filamu ichangiwe kwa fedha nyingine.

Vijana nao waulizwe. Je, mzee ameridhia, na fungu lake limeandikwa? Fedha wanazozikusanya ni amana. Zisipotimia zitarudi kwa wenyewe au atapewa mzee? Hilo litajwe kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa, si baadaye. Tena wasimpige picha akiwa kitandani, dawa zimemzunguka, ili watu wamwonee imani na kutuma zaidi. Mtu huyu alikuwa akiitwa kwenye harusi za watu wakubwa. Kumwanika hivyo ni kumvunjia heshima, hata kama nia ni njema.

Jingine lawahusu nyinyi akina mama hasa. Watengenezaji wa filamu hutafuta picha za zamani, na makabatini mwenu mna kanda za video za harusi. Humo mna wanawake waliojipamba na kucheza kwa kuaminiana kuwa hakuna mwanamume awaonaye. Baadhi yao ni marehemu, na hawawezi tena kutoa idhini. Msizitoe. Wapeni sauti pekee, na mtaje shairi ni la nani kama mwamjua mtunzi. Vijana hao watalihitaji jina hilo kuliko picha.

Nirudi kwa mama aliyeuliza. Ameeleza kuwa fedha yenyewe ni faida ya mahamri anayouza. Hiyo ni mali yake, na sheria imempa haki ya kuitumia katika jambo la halali. Kumshauri mumewe ni adabu njema, wala si sharti. Ingekuwa ni fedha ya matumizi aliyoachiwa nyumbani, hapo ingembidi apate idhini kwanza.

Wallahu aalam.